Kompyuta Iliyolazwa

Kila akitoka shule, Myriam alikuwa anavua viatu, anakula, kisha anakaa mbele ya kompyuta pale sebuleni kwetu Wembley. Mimi bibi yake kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi tu, lakini siku ile hata mimi niliiombea.

Kwa saa tatu baba yake, Gervais, alikuwa amesimulia yaliyotukuta Bukavu, naye Myriam akiyaandika kwa Kiingereza. Alisimulia mpaka jinsi kaka yake mwenyewe, Fortunat, alivyouawa. Wakili alitaka maelezo hayo kesho yake asubuhi, ili tusirudishwe Kongo.

"Umehifadhi?" aliuliza Gervais.

"Ndiyo, Papa."

Gervais akaenda kunawa uso, maana alikuwa amelia. Myriam akafungua mchezo wa magari. Skrini ikajaa mistari, kisha ikawa nyeusi tii.

Gervais aliporudi akaona giza, akainama kwenye soketi. Kwetu kitu kikigoma kinachomolewa: televisheni, pasi, hata mimi wangenichomoa kama ningekuwa na waya.

"Usichomoe, Papa!" Myriam alipiga kelele. "Sikuhifadhi. Nilikudanganya, nikaanza kucheza."

Mkono wa Gervais ukabaki hewani. Hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alikaa sakafuni kama mzigo.

"Siwezi kuyasema tena," alisema. "Nilimzika Fortunat kule, na leo nimemzika hapa. Mara ya tatu sina nguvu."

Nikashuka na ndara zangu kumwita Alnashir, mzee wa Tanga mwenye duka la kutengeneza redio hapo chini. Akaja, akatega sikio.

"Feni inazunguka. Kompyuta ni nzima, iliyogoma ni kadi ya picha, ile inayoleta picha kwenye skrini. Binti, ulikuwa unafanya nini?"

Myriam akasema yote. Alnashir akabonyeza kitufe chenye mchoro wa mwezi.

"Hatuizimi, tunailaza. Ikiamka, kadi itaanza upya, na maandishi yatakuwa palepale. Labda."

Labda! Nilitamani kumfinya.

Feni ikanyamaza. Akabonyeza tena. Giza. Tukangoja. Giza tu. Kisha yale magari yakatokea. Myriam akayafunga, na nyuma yake yakaonekana maneno ya baba yake, yote. Akahifadhi mara mbili.

"Kadi nimeiamsha kwa kitufe kimoja," Alnashir alimwambia. "Baba yako hana kitufe. Ungenyamaza kidogo tu kwa kuona aibu, angechomoa. Ukikosea, sema kabla mtu hajashika waya."

Gervais aliuliza palepale sakafuni, "Jina la Fortunat lipo?"

"Lipo, Papa."

Hata hivyo akainuka, akaja kuliona mwenyewe. Myriam akampisha.