Kwa Nini Barafu ya Rozi Iliyeyuka

Kila asubuhi Hakima alikwenda kutazama mfereji. Shayiri ilianza kutoa masuke, lakini mfereji ulikuwa mkavu. Theluji ya mlima wao ilikuwa imekwisha mapema, kama kawaida yake. Kijiji cha ng'ambo kilikuwa na barafu mlimani isiyokwisha mwaka mzima, na mashamba yake yalikuwa kijani kibichi.

"Nimechoka," alisema Rozi, mumewe. "Nakwenda mjini Skardu kubeba mizigo. Shamba tuliache."

"Na watoto wakuone mara moja kwa mwaka?"

"Wakiniona nikiwa na njaa ndiyo vizuri?"

Hakima aliumwa moyo, maana mumewe alikuwa amejaribu. Mwaka juzi Rozi na jirani zake walifuata desturi ya wazee ya kuoza barafu, kana kwamba ni bwana na bibi harusi. Walibeba barafu dume, nyeusi yenye mawe, na barafu jike, nyeupe. Waliibeba mgongoni kutoka mbali, bila kuitua wala kusema neno. Wakaizika pamoja na mkaa na makapi ya shayiri, ili izae maji. Joto lilipofika, shimoni mlibaki matope tu.

Hakima akamwita Sughra, bibi shamba wa pale kijijini.

"Shemeji, nionyeshe hilo shimo," Sughra alimwambia Rozi.

Shimo lilikuwa karibu na nyumba, kwenye mteremko unaopigwa na jua kutwa. Sughra alicheka.

"Lo, shemeji! Maharusi umewapangia chumba jikoni!"

"Si ndipo theluji inapojaa kuliko kote?" Rozi alijibu kwa hasira kidogo.

"Inajaa, ndiyo. Sasa hivi iko wapi?"

Rozi aliutazama mteremko mkavu.

"Kujaa hakutoshi," Sughra alisema. "Lazima ibaki. Theluji inayoanguka wakati wa baridi ikizidi ile inayoyeyuka wakati wa joto, ya mwaka huu hulala juu ya ya mwaka jana. Uzito wa juu huikandamiza ya chini mpaka inakuwa barafu."

"Na inabaki wapi?" aliuliza Hakima.

"Mahali ambapo baridi haiondoki. Ukipanda juu, hewa inazidi kuwa baridi. Ndiyo maana hata nchi za joto, mlima ukiwa mrefu sana, una barafu kileleni. Na kule kwenye ncha za dunia jua hupita chini chini, halina nguvu. Huko barafu hufunika nchi hadi pwani."

Aliokota mawe mawili juani. "Shika jeusi. Haya, shika jeupe."

"Jeusi linachoma!" alisema Hakima.

"Umeona? Theluji nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Ikishatanda, hujilinda yenyewe."

"Kumbe! Na mkaa wetu je?"

"Ukikaa wazi juani, unaipika barafu. Ufunikeni kwa makapi mengi na mawe."

Rozi aliinamisha kichwa. "Wale wanaume migongo iliwachubuka. Yote kwa ujinga wangu."

"Acha hayo, shemeji. Ulitaka maji yawe karibu na mkeo. Nani akulaumu?"

Mwisho wa joto, Rozi na Hakima walipanda juu sana. Walitafuta upande usiopigwa na jua, mpaka wakaona kiraka cha theluji ya mwaka uliopita.

"Hapa," alisema Hakima. "Hii imeshinda joto lote."

Kabla ya baridi kuanza, jirani walibeba barafu tena. Safari hii waliizika barafu palepale kivulini, wakaifunika vizuri.

Haikuzaa upesi. Rozi alikwenda mjini joto lililofuata, na lililofuata tena. Kila alipoondoka Hakima alilia, na kila mwaka alipanda kutazama. Kiraka kilikuwa kinakua.

Mwaka mwingine Rozi alikuwa tayari barabarani, mzigo begani. Gari la kwenda mjini lilisimama. Ndipo akamwona Hakima akija mbio, miguu imelowa hadi magotini, koleo mkononi.

"Yamefika!" alipiga kelele. "Yamefika shambani!"

Rozi alimtazama dereva, akatua mzigo wake chini.

"Nenda tu, ndugu yangu," alisema. "Leo nina shamba la kumwagilia."