Shuka la Njano la Cappelle

"Dakika tatu zimekwisha, bwana. Unaongeza au unatoka?"

"Natoka wapi? Sijaambiwa hata giaboksi imefika wapi!"

"Walio nyuma yako hawana haja na giaboksi yako."

Foleni yote ikaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni, saa tano asubuhi, na ofisi ya simu ya Pescara imejaa hadi mlangoni: akina mama na vikapu vyao, askari wa likizo, mfanyabiashara wa nguruwe anayetaka kupiga Roma na namba yenyewe haijui. Kwenye kibanda cha pili alisimama mwanamume mrefu wa miaka thelathini na sita hivi, koti la ngozi limechunika viwikoni, kucha nyeusi kwa grisi. Nyuma ya kaunta alikaa Ersilia, gauni la bluu iliyoiva na kola nyeupe, nywele zimebanwa pini hata upepo wa bahari usingezipata. Mkononi alikuwa na saa ya kupimia, lakini aliishika kwa mazoea tu. Dakika tatu alizijua bila kutazama.

Mwanamume akaja kaunta. "Bibie, una roho ngumu wewe."

"Nina saa, bwana."

"Naitwa Nevio. Na nitarudi."

"Wote hurudi. Simu hazifiki siku ya kwanza."

Watu wa mjini walidhani Ersilia ana maringo. Maringo gani! Alikuwa amekufa ganzi. Januari ya mwaka arobaini na tatu mchumba wake, Silvio, alipotelea kwenye theluji ya Urusi pamoja na kikosi chake. Haikuja barua, haikuja maiti, hakikuja hata cheti. Mwaka wa kwanza alilia. Wa pili akangoja. Kufikia wa tano, akijichoma sindano alikuwa anaitazama damu bila kushtuka. Huu ulikuwa wa kumi na moja, yeye ana miaka thelathini na mmoja, na kazi yake ni kuwapimia wenzake mapenzi yao, dakika tatu tatu.

Nevio alikuwa dereva wa mbio za magari, kwao Modena. Alirudi Jumatatu, akarudi Jumatano, na aliposafiri akaanza kupiga simu kutoka huko huko alikokuwa.

"Ersilia! Wako huyo, wa giaboksi!" aliita Nunzia, mwenzake wa zamu, mwanamke mnene asiyejua kunong'ona.

"Niambie, Nevio."

"Hata habari yako hakuna?"

"Sekunde kumi zimepita."

"Mungu wangu! Umevaa nini leo?"

"Gauni la bluu."

"Lile lile? Nikishinda nitakununulia jekundu."

"Sitalivaa."

"Basi nitalivaa mimi, nije nalo hapo kaunta."

Nunzia aliapa kwamba siku hiyo aliuona mdomo wa Ersilia ukisogea upande mmoja. Si kicheko, alisema, lakini si haba.

Simu ya kutoka Napoli ilikuwa ya aina nyingine. Nevio aliongea polepole. Miaka mitatu nyuma, alisema, kwenye mbio fulani, aliiona bendera ya njano kwenye kona, ile ya kusema kuna hatari mbele, akaipuuza. Nyuma ya kona kulikuwa na fundi anaburuta gari lililoharibika. Hadi leo fundi yule hatembei bila magongo.

"Tangu hapo nikiona njano nafunga breki. Hata ningekuwa naongoza. Nimeapa."

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Kwa sababu wewe huwezi kulia, roho yangu. Wengine wote wanalia, halafu nabaki mimi kuwabembeleza."

Ersilia alikata simu dakika tatu zilipotimia, akaingia stoo, akasimama gizani kidogo. Alijipapasa moyo, kama kuna kitu. Hakikuwepo.

Mbio kubwa za Pescara zilikuwa siku ya Kupalizwa Maria, tarehe kumi na tano Agosti. Nevio alimshawishi Don Cesidio, mwenye gereji aliyemkodishia gari, amchukue Ersilia awe mpima muda. "Binti huyu hakosei hata sekunde," alimwambia. Don Cesidio, mzee wa kitambi na mkanda wa kamba, akajibu kwamba mwanamke asiyekosea ni hatari nyumbani lakini gereji anafaa.

Siku tano kabla ya mbio Nevio alipiga simu kutoka baa iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Ersilia alikuwa anamwona dirishani.

"Ersilia, nataka nikuoe."

Ersilia aliitazama saa ya kupimia.

"Bwana wa kiwanda cha magari cha Modena anakuja kuniangalia. Nikiwa wa kwanza nasaini mkataba wa kudumu. Nyumba ipo, kazi ipo. Hata nisiposhinda, bado nataka nikuoe. Nijibu."

  Si kwamba Ersilia hakutaka, jamani. Alilitafuta neno akalikosa.

"Basi nipe jibu siku ya mbio," alisema Nevio.

"Utaliona," alisema Ersilia, akakata simu. Zilikuwa zimepita dakika moja na nusu tu, na Nunzia alishika kichwa.

Nyumba ya mama yake Ersilia iko Cappelle, kijiji cha mlimani, kwenye kona kali ambayo magari yote ya mbio hupita. Kwao, siku ya Kupalizwa Maria, kila nyumba hutundika mashuka yake mazuri nje ya roshani. Lakini shuka la arusi la binti halitoki sandukuni mpaka mwaka ambao binti amekubali mtu. La Ersilia lilikuwa la hariri ya njano, limefumwa kwa ajili ya Silvio, na lilikuwa limekunjwa tangu siku alipopanda treni kwenda vitani.

"Litundike, mama," alisema Ersilia usiku wa kuamkia sikukuu. "Kengele za misa zikilia."

Mama yake aliketi kitandani taratibu. "Unampenda?"

"Sijui. Nataka nijue. Litundike."

Wala hakukumbuka, mtoto wa watu, kwamba Nevio ni mtu wa kaskazini na mambo ya mashuka ya Cappelle hayajui. Kwao kila mtu anajua. Angewezaje kufikiri kuna asiyejua?

Mbio zilianza saa tatu na nusu asubuhi. Mizunguko kumi na sita, na kila mmoja unachukua dakika kumi na moja hivi, maana barabara inatoka baharini, inapanda vilima, inapita katikati ya vijiji, ndipo irudi. Kwa hiyo Ersilia alimwona Nevio sekunde mbili, kisha akamngoja dakika kumi na moja. Alikaa kwenye kibanda cha wapima muda na kofia yake ya ukili, kitabu magotini, kidole gumba juu ya kitufe cha saa. Kungoja alikuwa bingwa.

Mizunguko mitatu ya mwanzo Nevio aliongoza. Dakika kumi na sekunde hamsini na nane, kila mzunguko. Mwingereza mmoja wa gari la kijani alikuwa sekunde kumi na mbili nyuma yake.

"Tumeshinda!" alipiga kelele Don Cesidio. "Tumeshinda, Mama Maria!"

Saa nne ilikuwa imetoka kupita. Huko juu kengele zinalia, alijua Ersilia. Sasa mama anafungua dirisha. Sasa linashuka.

Mzunguko wa nne Nevio alitumia dakika kumi na moja na sekunde sita.

Ersilia aliandika. Sekunde nane zaidi. Wa tano, kumi na moja na sita tena. Wa sita, vile vile. Hakuna kilichoharibika kwenye gari, mngurumo ulikuwa ule ule. Ila mtu alikuwa anapunguza mwendo mahali fulani, kila mara, kwa kiasi kile kile.

"Kalala au?" Don Cesidio aliandika KAZA ubaoni kwa chaki, herufi kubwa, akautikisa. Nevio akapita, akatikisa kichwa.

Ersilia akaelewa, au alidhani ameelewa. Ameliona. Ameliona jibu, na sasa akilifikia anasita. Mtu huomba kitu kwa simu, akiwa mbali, ni rahisi. Akikionyeshwa kimening'inia kwenye roshani mbele ya kijiji kizima, mguu unarudi nyuma. Aliyafikiri hayo bila uchungu, akaandika tena: kumi na moja na sita.

"Binti, kidole chako kinatoka damu," alisema Don Cesidio.

Kweli, kitufe kilikuwa kimemchubua. "Hakiumi," alisema Ersilia.

Mwingereza alimpita Nevio. Kufikia mzunguko wa kumi na mbili alikuwa mbele kwa sekunde ishirini na nne. Ersilia akainuka, akaenda kwenye meza ya waamuzi palipokuwa na simu.

"Nunzia, niunganishe na duka la tumbaku la Cappelle."

"Kuna nini? Sauti yako mbona hivyo?"

"Niunganishe."

Mwenye duka alipopokea, alimwambia maneno machache. "Mkimbilie mama. Mwambie alitoe lile shuka. Alikunje."

"Ersilia, mwanangu, kijiji kizima kimeshakuombea heri..."

"Alikunje, mjomba."

Akarudi kukaa. Mzunguko wa kumi na tatu Nevio alitumia dakika kumi na sekunde hamsini na saba. Hakuwahi kukimbia hivyo asubuhi ile. Wa kumi na nne, hamsini na saba. Don Cesidio alirusha kofia, akaidaka, akairusha tena. Ersilia aliyaandika yote kwa mwandiko mzuri. Kumbe amepumua, alifikiri. Shuka limetoka, na yeye amepata nafuu.

Mwingereza alishinda. Nevio wa pili, kwa sekunde nne.

Bwana wa kiwanda, suti nyeupe isiyo na hata tone la mafuta, alimpa Nevio mkono kwa ncha za vidole, akasema labda mwakani, akaondoka. Nevio akavua miwani. Uso mzima ulikuwa mweusi isipokuwa pale miwani ilipokaa.

"Nani ameumia Cappelle?" aliuliza.

"Hakuna aliyeumia," alisema Don Cesidio.

"Msinifiche! Mizunguko tisa bendera ya njano iko pale konani, juu, kwenye nyumba ya madirisha ya kijani. Nimefunga breki mara tisa! Halafu ghafla haipo. Wamemtoa nani? Amekufa?"

Mwingereza alikuwa anapita na chupa yake, na Kiitaliano chake cha kuokoteza. "Ile? Mimi nilidhani bibi ameanika nguo."

Kalamu ya Ersilia ikasimama.

"Haikuwa bendera," alisema. "Ni shuka langu la arusi."

Wote wakamgeukia.

"Kwetu likitundikwa leo, maana yake binti amekubali. Uliniambia nikupe jibu siku ya mbio."

Don Cesidio akapiga ishara ya msalaba, akaketi juu ya tairi. Nevio alibaki amesimama.

"Ulikuwa unaniambia ndiyo?"

"Mara tisa."

"Na mimi nafunga breki."

"Mara tisa. Nikaona umelikataa. Nikapiga simu likunjwe. Ukaongeza mwendo, nikajua umefurahi."

"Nilijua njia imefunguka, Ersilia! Njia tu!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Sekunde nne. Kiti cha Modena kimekwenda kwa sekunde nne."

"Najua. Nimeziandika mimi."

Hakucheka. Aligeuka akaondoka, buti zake zikiburura majani makavu. Ersilia hakumwita. Alikuwa ameshaona watu wakiondoka. Alibonyeza saa, kwa mazoea, akaanza kumpima.

Nevio hakwenda mbali. Alisimama kwenye meza ya waamuzi, akanyakua simu.

"Nunzia? Wa giaboksi hapa. Niunganishe Cappelle." Akangoja, akijifuta uso kwa kiganja na kuuchafua zaidi. Ilichukua muda mtu kukimbilia mama na mama kukimbilia duka. "Mama? Mimi Nevio. Ndiyo, yule anayepunguza mwendo. Hapana, mama, sijaumia. Naomba ulirudishe lile shuka. Ndiyo, hapo hapo. Nakuja kulipita tena, na safari hii nitasimama kabisa."

Ersilia aliyasikia yote. Akataka kuisimamisha saa, akakibonyeza kitufe, na maumivu yakamrukia mkono mzima hadi begani.

"Uwii!"

"Nini?" Nevio alikuwa amesharudi, amemshika kiwiko. "Nini, roho yangu?"

"Kidole." Aliinua gumba lake lililochubuka, akilitazama. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye kola nyeupe, na hakuyafuta. "Kinauma, Nevio. Kinaniuma sana."