Makoti ya Bendi na Mstari Uliofutwa

Kila siku baada ya masomo, Swichi alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha mama yake, akasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia, na kuulizwa maswali yale yale.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Umenawa?"

Hapo alikuwa akigeuka kimyakimya kwenda kunawa, maana kitambaa cha watu hakishikwi na vidole vyenye mafuta. Jina la Swichi alilipata utotoni, kwa tabia yake ya kubonyeza kila kilichobonyezeka. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na alichopenda kubonyeza kuliko vyote ni kompyuta kuukuu iliyokaa kati ya cherehani na pasi.

Zamani Mama aliandika vipimo vya wateja kwenye vikaratasi. Vikaratasi vilipotea, na kimoja kiliwahi kushonewa ndani ya kola ya shati la watu. Ndipo Swichi, akisaidiwa na mwalimu wake wa hesabu, akatengeneza programu ya kutunza vipimo. Programu hiyo ilitumia maktaba. Si maktaba ya vitabu, la! Ni fungu la amri ambazo wataalamu wengine wameshaziandika, wewe unaziita tu zikufanyie kazi. Vipimo vyote vilikaa katika faili moja, mstari mmoja kwa kila mtu: bega, kifua, mkono, urefu. Ukitaja namba ya rekodi, tuseme saba, maktaba inahesabu mistari kutoka juu, ikifika wa saba inakuletea vipimo vyake. Haimjui mtu kwa jina wala kwa sura.

"Yaani niseme saba tu, basi?" Mama aliuliza siku ya kwanza.

"Saba tu, Mama."

"Makubwa haya! Njooni mmwone mtaalamu wangu!" Tangu siku hiyo, kila mteja aliyeingia aliambiwa habari za mtaalamu, hata aliyekuja kubadilisha zipu tu.

Sasa mwalimu huyo wa hesabu ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa bendi ya shule. Akamletea Mama kazi ya kushona makoti ya bendi nzima, mekundu yenye vifungo vya dhahabu, kwa ajili ya maonyesho ya Jumamosi uwanjani. Mama hakuwahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Mwalimu alisema wazi kwamba makoti yakipendeza, sare zote za shule zitashonwa hapo. Yasipokaa vizuri, bendi haitakwenda popote, kwa sababu makoti ya zamani yalikuwa yamechanika makwapani, na watoto walikuwa wakipiga tarumbeta huku wamebana mikono kama wanaficha maembe.

Wanabendi thelathini walipimwa, kila mmoja akapewa kadi yenye namba yake. Siku chache baadaye, mpiga tarumbeta mwenye namba kumi na mbili akahama mji pamoja na wazazi wake. Swichi, ambaye hakupenda takataka katika faili lake, akaufuta mstari wa yule aliyehama. Mistari ya chini ikapanda, pengo likaziba, faili likawa safi.

"Kazi nzuri," alijiambia, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kumsifu.

Kesho yake wakaanza kukata. Mama aliita namba, akiiruka kumi na mbili isiyo na mtu, Swichi akasoma vipimo, chaki ikapita, mkasi ukafuata, na kila kipande kikaandikwa namba. Mama aliimba, akakosea maneno, akaendelea kuimba vivyo hivyo. Walipofika ishirini na tisa, alisimama akajishika kiuno.

"Huyu ni mpana kweli! Kwao wanampikia nini, saruji?"

Swichi alicheka mpaka akashika meza.

"Haya, thelathini!"

Swichi akabonyeza. Kompyuta ikaandika: Rekodi haipo. Akabonyeza tena. Rekodi haipo. Namba thelathini alikuwa Pipa, mpiga ngoma kubwa, ambaye alijipa jina hilo mwenyewe na kulipenda sana. Vipimo vya Pipa alikuwa ameviingiza kwa mkono wake. Vimekwenda wapi? Hakuelewa hata kidogo. Lakini kusema "sielewi" mbele ya Mama, aliyemwita mtaalamu mbele ya dunia nzima? Aliona haya.

"Vipi, mtaalamu?"

"Pipa... Pipa hakupimwa, Mama."

"Mbona nakumbuka nilimzungushia tepu mimi mwenyewe, akawa anacheka ati namtekenya?"

"Ulikuwa unamjaribu tu. Nitampima kesho."

Mama alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye mkasi wake. Kesho yake shuleni, Swichi akamfuata Pipa na tepu.

"Mbona nilishapimwa?" Pipa akashangaa.

"Siku ile ulikuwa umeshiba sana."

"Hilo kweli," alikiri Pipa, akainua mikono.

Swichi akaongeza mstari mpya mwishoni mwa faili, namba thelathini ikarudi, na Mama akakata koti la mwisho. Kitambaa chekundu kikaisha pale pale.

Alhamisi mchana, mama na binti walibeba makoti hadi chumba cha muziki cha shule. Yalipendeza, jamani! Wanabendi walipiga vigelegele, kila mmoja akachukua koti lenye namba yake. Wa mwanzo wakavaa, wakajitazama dirishani, wakavimba kwa fahari.

Kisha vicheko vikaanza nyuma. Namba kumi na tatu, mpiga filimbi mwembamba aliyeitwa Kijiti, alivaa koti lililomfika magotini. Msichana wa matoazi alitafuta mikono yake ndani ya mikono ya koti asiione. Mvulana mwingine hakuweza kufunga hata kifungo kimoja, na namba ishirini na tisa, mtoto mdogo kuliko wote, alizama kabisa, ikabaki sauti tu: "Nitoeni humu!" Pipa peke yake, huko mwisho, alikuwa amependeza ajabu, akawa anacheza.

Mwalimu hakucheka. "Fundi, keshokutwa ni maonyesho. Vipimo hivi umevitoa wapi?"

Mama aliyatazama makoti, uso umemshuka. Swichi hakuwahi kumwona hivyo. "Mwalimu, sijui niseme nini," Mama alisema polepole. "Labda kazi imenizidi. Mkono wangu ndio umekosea."

Mkono ule haukuwa umekosea hata nukta moja.

"Si yeye, Mwalimu! Ni mimi!" Maneno yalimtoka pamoja na machozi. "Kompyuta iliniambia rekodi ya Pipa haipo. Sikuelewa kwa nini, nikaona aibu. Nikamdanganya Mama kwamba Pipa hakupimwa. Nisamehe, Mama."

Mwalimu akavuta kiti akaketi karibu naye.

"Futa machozi kwanza. Kabla ya hapo, uligusa nini kwenye faili?"

"Nilifuta mstari wa kumi na mbili. Yule aliyehama."

"Ukaufuta kabisa? Na maktaba inahesabuje?"

"Kutoka juu, mstari kwa mstari..." Swichi akawatazama wale wa mwanzo, waliopendeza. Akamtazama Kijiti na kanzu yake nyekundu. Macho yakamtoka. "Wa kumi na tatu alipanda akawa wa kumi na mbili! Wa kumi na nne akawa wa kumi na tatu! Kila nilipoita namba, nililetewa vipimo vya anayefuata! Vueni! Kuanzia Kijiti, kila mtu avue koti ampe anayemfuata!"

Kelele zilizozuka hapo hazisemeki. Makoti yalipita mkono kwa mkono. Msichana wa matoazi alivaa la Kijiti, na mikono yake ikaonekana tena duniani. Vifungo vilifungika. Yule mdogo akapata koti lake, akapiga saluti. Mama alipita akivuta kola na kugusa mabega, na tabasamu likamrudi kidogo kidogo.

Mwishoni, Pipa alisimama na koti moja mwilini na jingine mkononi. "Mimi nimepata mawili! Yote yananitosha!"

"Rekodi yako ya zamani ilikuwa imepanda hadi nafasi ya ishirini na tisa," alisema Swichi, "halafu nikakuingiza upya. Umeandikwa mara mbili."

"Na mimi?" Kijiti aliuliza. Alikuwa amebaki na fulana tu, maana vipimo vyake vilikuwa vimepanda kwenye kumi na mbili, namba iliyorukwa.

Kitambaa kilikuwa kimekwisha. Mama akalichukua koti la pili la Pipa, akalipima kwa macho, akamtazama Kijiti juu mpaka chini, kisha akaangua kicheko.

"Ndani ya koti hili natoa la Kijiti, na kitambaa kinabaki! Njoo hapa, mwanangu, simama wima."

Kabla jua halijatua, koti la Kijiti lilikuwa limekamilika. Mwalimu naye alimwonyesha Swichi amri nyingine ya maktaba ile ile: badala ya kuondoa rekodi, inaiwekea alama ya kuwa imefutwa, na mstari unabaki mahali pake, ili namba za wengine zisisogee. Swichi alirekebisha programu, akajaribu namba zote, moja moja, mpaka mwalimu mwenyewe akapiga miayo.

Jumamosi bendi iliingia uwanjani, makoti mekundu matupu, na watu wakasimama kushangilia. Pipa aliipiga ngoma mpaka vifua vikatetemeka. Katikati ya makofi, Swichi aliinama sikioni mwa mama yake.

"Bado umenikasirikia, Mama?"

"Kufuta mstari hakukunikasirisha. Hata mimi nimeshakata suruali yenye miguu miwili ya kushoto." Mama akamvuta karibu. "Lakini mashine ilikwambia ukweli, na wewe ukaja kuniambia mengine. Siku nyingine ukikwama, njoo uniambie, 'Mama, sielewi.' Tutakaa tutafute pamoja, na utaalamu wako hautapungua machoni pangu hata kidogo."

Swichi akamwegemea. "Mama, kuna kitu sielewi."

"Kitu gani?"

"Suruali yenye miguu miwili ya kushoto, mteja aliivaaje?"

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaanza kumweleza.