Ombi la Tarehe Nane Machi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nsama alimsaidia shangazi yake Eneless kuanika chisense, vile vidagaa vya Ziwa Mweru, kwenye mchanga wa Kashikishi. Walivitandaza kwa mikono, wakafukuza kunguru, kisha Nsama akanawa, akavaa sare na kushika njia. Tangu mama yake afariki mvua zilipoanza, aliyafanya hayo yote bila kulalamika na bila kufurahi. Hata msibani hakulia. Watu walimsifu kuwa ni mtoto jasiri. Yeye alijua tu kwamba ndani yake palikuwa kimya.

Mwaka huo wa 1999, wanawake wa Nchelenge walikubaliana kuandamana tarehe nane Machi hadi ofisi za wilaya. Waliiomba serikali iifanye Siku ya Wanawake kuwa sikukuu rasmi, watu wote wapumzike. Mwalimu Mwaba, aliyekuwa amehamia shuleni kutoka Mansa muhula huo, alitafuta mwanafunzi wa kuzungumza kwa niaba ya watoto.

"Nani mama yake atakuwepo siku hiyo?" aliuliza darasani.

Mkono wa Nsama ulipanda kama mkono wa mtu mwingine. Mwalimu akamchagua, kwa kuwa alisoma vizuri na sauti yake haikutetemeka.

Walipotoka nje, jirani yake Chipego alimshika bega. "Mbona umemdanganya Mwalimu?"

"Sijui."

"Basi mwambie."

"Nitamwambia kesho."

Kesho ikapita, na kesho nyingine. Katika kila zoezi Nsama alikariri: "Mama yangu huamka mapema, hutupikia, huuza samaki sokoni." Hakuona aibu wala uchungu. Maneno yalimtoka kama jedwali la kuzidisha.

Siku ilipowadia, uwanja ulijaa vitenge vya kila rangi. Wachuuzi Wakongo waliovuka ziwa nao walikuja, akiwemo Mama Colette, mteja wa Eneless. Ofisa wa wilaya aliketi mbele. Nsama alipopanda jukwaani, Mwalimu Mwaba akatangaza kwa furaha, "Mama yake Nsama, karibu usimame na mwanao!"

Hakuna aliyesimama. Eneless, aliyekuwa katikati ya wanawake, alijiziba mdomo kwa kiganja. Minong'ono ikaanza.

"Muache mutoto aseme!" Mama Colette alipaza sauti.

Nsama akamgeukia mwalimu wake. "Mwalimu, nilikudanganya. Mama alifariki."

Nsama akamtazama yule ofisa.

"Alikuwa na homa. Shangazi alimwambia aende kliniki. Akasema ataenda siku ambayo hakuna kazi. Akaanika samaki, akaenda sokoni, akarudi kupika. Hivyo hivyo kila siku. Siku isiyo na kazi haikufika. Tunaomba siku hiyo iwepo."

Wanawake wengi walilia. Nsama alisimama tu, mikono imening'inia. Eneless akapita katikati ya watu, akapanda na kusimama karibu naye.

Ofisa aliinuka taratibu. "Mimi sina uwezo wa kutoa sikukuu," alisema. "Lakini ombi lenu nitalipeleka Lusaka, pamoja na maneno ya mtoto huyu."

Baadaye Nsama alimwendea Mwalimu Mwaba. "Nisamehe, Mwalimu."

"Nimekusamehe. Ila ungeniambia mapema, nisingemwita mama yako mbele za watu."

Siku hiyo Eneless hakurudi kwenye biashara. Aliketi na Nsama kando ya ukuta wa ofisi, wakila mihogo ya kuchoma.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Uwongo ule ulikuacha peke yako na msiba wako. Kwa kusema kweli, umetuonyesha pa kukushika. Tena, ukiugua usisubiri sikukuu. Niambie siku hiyo hiyo, twende kliniki. Samaki waoze wakitaka."

"Ndiyo, shangazi."

"Na sasa unajisikiaje?"

Nsama alitaka kujibu kwamba ni mzima, kama alivyozoea.

"Sisikii kitu," alisema.

Eneless akamvuta karibu. "Hiyo nayo ni kweli, wala si kosa. Nitakuuliza tena kesho. Nijibu hivyo hivyo, mpaka siku jibu litakapobadilika."