Kidole Gumba Kisichokauka

Kidole gumba kilikuwa cha moto. Fundi alikigusa asubuhi, hata kandambili hajavua, akakiachia upesi kama aliyegusa paji la mgonjwa wa homa. Jiko la umeme lilizimwa tangu jana alasiri. Vidole vinne na kiganja vilikuwa vya baridi, kama inavyotakiwa. Kidole gumba peke yake ndicho kilichokuwa na joto.

"Ni chumba hiki, hakina hewa," akajiambia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Mkono wenyewe ulikuwa mkubwa, kimo cha mtoto wa miaka saba, kiganja wazi, wa kusimamishwa mbele ya duka la sonara ili ushike pete pana kama sinia. Udongo wake si ule wa kuanika juani. Ni udongo wa plastiki: unaukanda mpaka ulainike, unauvika juu ya mifupa ya waya na foili, halafu unauoka. Ukishatoka jikoni ni mgumu, haubadiliki tena. Kwa kuwa mkono mzima haungeingia jikoni, Fundi alioka kila kidole peke yake kisha akaunganisha.

Kidole gumba alikioka mara tatu. Bado kilibonyea.

Mkewe aliingia na chai, akanusa. "Umetia nini humu? Mbona kinanuka dawa ya kuchua?"

"Udongo ni udongo."

"Mimi pua yangu haijafa, mume wangu."

Fundi akapokea chai. Wiki ile udongo ulimwishia akiwa amebakiza kidole kimoja, na sonara anapiga simu asubuhi na jioni. Sasa mafundi wa kazi hii hawatupi mabaki. Udongo mpya huwa mkavu, unakatika, basi huchanganywa na donge la zamani ili ushikane. Mabaki hukaa kwenye kopo. Na kopo lililokuwa pale rafuni lilikuwa la marehemu kaka yake, aliyemfundisha kazi, mwenye karakana ile kabla yake. Chini kabisa mlikuwa na donge dogo kama yai, limechimbwa na vidole vitano.

Fundi alilijua lile donge. Ni yeye aliyelibandua kutoka kwenye ngumi ya kaka yake asubuhi aliyomkuta amekufa. Hakuweza kulitupa, akalirudisha koponi. Mwaka ukapita. Siku ya shida akalitoa, akalikanda na udongo mpya, huku akijisemea kwamba udongo hauozi.

Adhuhuri walikuwa mezani, yeye, mkewe na mama yake, mwenye nyumba. Ukasikika mlio wa kugonga kwenye ukuta wa karakana. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Mama akaweka kijiko chini. "Nani yumo?"

"Paka, Mama."

"Paka habishi hodi." Bibi kizee alikaza macho ukutani. "Kaka yako ndiye aliyekuwa akigonga hivyo alipougua. Akitaka maji, akitaka kuchuliwa dawa, akitaka kugeuzwa ubavu. Mimi namshukuru Mungu kitu kimoja tu, kwamba alimchukua usingizini, hakuita mtu akakosa wa kumwitikia. Hilo ndilo linalonipa usingizi, mwanangu."

Fundi alikitazama chakula chake.

Mkewe ndiye aliyemwita mtengeneza saa. Mzee yule mchana alitengeneza saa za watu, na walio na shida za majini walimjua kwa kazi ya pili. Alikuja bila mbwembwe, akaweka kidole chake juu ya kidole gumba, akatulia kama anayehesabu mapigo. Kisha akanawa mikono mara mbili.

"Humu mna jini," akasema taratibu. "Marehemu aliita watu, watu hawakuja. Akaja huyu. Akakaa naye mpaka mwisho, akasikiliza yote, na akamwahidi."

"Alimwahidi nini?" Sauti ya mke ilikuwa haisikiki vizuri.

"Hilo mumeo analijua."

"Fukiza ubani, mzee, umtoe," Fundi akasema.

"La kuvunda halina ubani. Mwambie mama yako ukweli, ndipo atakapokubali kutolewa. Usipomwambia, basi usiuguse mkono huu hata kwa ncha ya ukucha."

Mke alimgeukia mumewe. "Ukweli gani?"

"Wazee wanazeeka vibaya," Fundi akasema, akacheka peke yake.

Hebu fikiri. Neno moja tu alitakiwa kusema. Lakini alimwogopa mama yake kuliko jini, na pengine katika hilo hakukosea. Angemwambiaje mwanamke yule, aliyelala usingizi wake juu ya uongo mmoja, kwamba uongo wenyewe ameutunga mwanawe?

Kesho yake gari la sonara lilikuwa linakuja saa tisa. Saa nane Fundi akavaa glavu nene, akachukua kisu cha kukatia udongo, akaingia karakana na kufunga mlango. Akili ilimtuma kwamba akikikata kile kidole, atabaki na kazi yake, na mama yake, na usingizi wa mama yake. Akaweka makali penye shina la kidole, akakandamiza, na harufu ya dawa ya kuchua ikapanda mpaka macho yakamtoka machozi, na ukuta ukaanza kugongwa, ko, ko, ko, si upande wa nje bali ndani ya tofali zenyewe, na katika yale machozi akaona vidole vinne alivyovioka kwa mikono yake, vigumu kama mawe, vinainama kimoja baada ya kingine bila ufa wala mlio, polepole, bila haraka yoyote, kama mtu aliyengoja mwaka mzima na haoni sababu ya kukimbia, vikapita juu ya kisu, juu ya glavu, vikamfumba mkono wake wa kulia, na kidole gumba kile cha moto kikaja juu kufunga.

Mkewe aliusukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Alivuta, akavuta tena. Mifupa ilikuwa inalia.

"Sema," akamnong'oneza mumewe akilia. "Chochote ulichofanya, sema. Mama huyu hapa."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake.

"Aliita," Fundi akasema. "Ile siku ulipokwenda kwa shangazi. Aligonga ukuta tangu mchana mpaka magharibi. Nilikuwa hapa hapa. Nilisikia, Mama."

"Ukafanya nini?"

"Niliongeza sauti ya redio."

Mkewe akaacha kuvuta.

"Nilichoka kuitwa mwanafunzi wake. Nikasema akifa, karakana itakuwa yangu."

Mkono ukafunguka. Ukatoa kilichokuwa ndani, vidole vitano visivyokuwa na umbo tena, na Fundi akaanguka magotini akiita mama, mama.

Mama alimpita. Aliuendea mkono mkubwa, akaweka kiganja chake kidogo chenye makunyanzi katikati ya kile kikubwa. Vidole vikainama juu yake, safari hii kwa upole.

Gari la sonara lilirudi tupu. Mtengeneza saa alifika jioni na vifaa vyake vya kumtolea jini, maana ahadi ya jini kwa marehemu, kwamba mama atajua ukweli, ilikuwa imetimizwa. Mama akaziba mlango kwa mkongojo.

"Huyu hatoki nyumbani kwangu," akasema. "Atakayetoka ni yule."

Fundi sasa anaishi katika chumba cha kupanga, na kazi ya kukanda udongo hawezi tena. Mkewe hakumfuata. Alibaki na mkwewe, na kila Ijumaa humpelekea chumbani beseni la maji ya uvuguvugu na wembe. Mama huuosha ule mkono, hukaa nao mapajani akizungumza, kisha huukata kucha. Na Ijumaa inayofuata zinakuwa zimeota tena.