Vijiti Vikavu

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, manyunyu yakianguka. Kama kila Jumamosi, Kidoti, mwanafunzi wa darasa la sita, alifuatana na shangazi yake hadi maabara. Huko Shangazi aliboresha polima, aina ya plastiki ngumu, kwa kuichanganya na nyuzi za kioo. Polima hiyo ilitumika kutengenezea vijiti vya kupandikizwa kwenye taya ili vibebe meno bandia. Bibi yake Kidoti, mama wa Shangazi, alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya watakaowekewa. Kwa miaka minne alikuwa amekula vyakula vya kupondwa tu.

Kinywa kina joto na majimaji. Kwa hiyo kila kijiti kililowekwa siku thelathini katika maji ya uvuguvugu, ndipo kikaingizwa kwenye mashine inayoiga kutafuna, ili ionekane kama kitavunjika.

Shangazi alipoitwa ofisini, Kidoti alimwona fundi wa mashine akitoa vijiti kwenye bahasha, vikavu kabisa.

"Mjomba, mbona hivi havijalowekwa?"

"Ala! Mkaguzi mpya umeanza kazi lini?" fundi alicheka. "Vya majini vimevunjika vitatu. Hivi vikavu havivunjiki, na Bibi yako atapandikiziwa mwezi ujao. Au hutaki?"

Kidoti alitaka sana. Angesema, Bibi angengoja tena. Lakini damu ilimchemka.

"Kwani Bibi hana mate? Kijiti kikimvunjikia kwenye taya, nani atalia? Wewe?"

"Punguza sauti, we mtoto!"

"Sipunguzi!"

Shangazi aliingia mbio. Kidoti akamweleza yote. Shangazi alisoma fomu ya kipimo aliyoijaza fundi: "Vimelowekwa siku thelathini." Akamgeukia fundi.

"Umeandika uongo juu ya taya la mama yangu!"

Jioni walimweleza Bibi.

"Miezi mingine? Jamani!" Bibi alifoka. Kisha akamvuta Kidoti karibu. "Nimekasirika, sikufichi. Ila si kwako, mjukuu wangu. Kungoja kunauma, lakini kipimo cha uongo kingeniumiza zaidi, tena nikiwa nimekiamini. Ukweli usemwe hata unapotuchelewesha sisi wenyewe."

Mkuu wa maabara alimwondoa fundi kwenye mashine. Shangazi aliandika matokeo yote, pamoja na ya vile vitatu vilivyovunjika, akabadilisha mchanganyiko. Miezi mitano baadaye, vijiti vyote vilivyolowekwa vilistahimili. Kidoti aliendelea na masomo. Bibi alipandikiziwa viwili, akasubiri mfupa ushike, akawekewa meno bandia, halafu akatafuna karoti mbichi, kwa kelele, mbele ya kila mtu.