Dirisha la Chumba Namba Saba

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu nyingine. Nilinyoa ndevu, nikavaa koti langu la kaki, nikafika kwenye nyumba ya shemeji yangu saa mbili kasoro dakika tano. Ina vyumba kumi na viwili, vyote vya wanafunzi wa chuo kilicho ng'ambo ya barabara. Shemeji ndiye mwenye nyumba. Mimi, baada ya kustaafu ukarani, nilikuwa msimamizi. Kazi yangu ilikuwa daftari la wapangaji, pamoja na fomu ya ukaguzi ambayo chuo huileta kila muhula. Fomu huuliza kama kila chumba kina dirisha linalofunguka. Nilijibu ndiyo mara kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri, bila kuinuka kitini.

Namba saba hakikuwa na dirisha. Shemeji alipojenga stoo ubavuni mwake, fundi aliliziba dirisha kwa tofali ndani na nje, akapiga lipu, yakaisha.

Mwaka jana chumba hicho kilikaliwa na binti mwenye pumu. Dada yake mkubwa ndiye aliyekipanga, alipohitimu akamwachia. Binti alikuja mezani kwangu mara tatu.

"Shikamoo, mzee. Chumba hakipitishi hewa. Nikilala naamka nimekabwa."

"Marahaba. Mpangaji wa namba saba ni dada yako. Malalamiko alete yeye."

"Dada yuko mbali, mzee. Anayeishi mle ni mimi."

"Hukuandikwa kwenye daftari."

Mara ya tatu hakubishana. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mimi sipo?"

Nikamjibu, "Kwangu mimi hupo."

Wenzake walimkuta Alhamisi, saa nane mchana, uso wake umeegemea ukuta pale palipokuwa dirisha. Chuo kilipouliza, nilitoa fomu: madirisha kumi na mawili. Nikatoa na daftari: marehemu hakuwa mpangaji wetu. Shemeji akanipiga begani, akasema, "Shemeji, wewe kiboko!" Nami nikacheka. Nimefanya mengi maishani ninayoyajutia, lakini kicheko kile ndicho kinachonifanya nishindwe kujitazama nikinyoa.

Jina lake sitalitaja hapa. Nalijua lote, lake, la baba yake na la babu yake. Nilikwenda kuliulizia wiki mbili baada ya mazishi.

Mwaka huu mjukuu wangu alipata nafasi chuoni. Shemeji akasema, "Huyo mtoto wa nyumbani, si mpangaji. Mpe namba saba." Kukataa kungenilazimu niseme kwa nini. Nikatoa ufunguo. Na kwa kuwa ni wa nyumbani, sikumwandika.

Basi Jumatatu ile, saa saba mchana, mjukuu wangu akaniletea chai mezani.

"Mume wangu, wiki mbili sasa hata kunitembelea chumbani hutaki? Au umepata mke mdogo?"

"Mwenye magoti haya? Nani atanitaka?"

Alicheka. "Ila nyumba yako ina watu wema, babu. Yule dada wa upande wa pili, nikianza kukohoa tu, ananigongea ukuta."

Kikombe kilibaki mkononi mwangu. "Upande upi?"

"Nyuma ya kitanda."

"Huko ni stoo."

"Basi stoo yako ina mgonjwa. Anahema kama aliyepanda ngazi. Jana kaniuliza swali la ajabu." Akainama, akanong'ona. "'Wewe umeandikwa?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hapana. Akasema, 'Basi na wewe hupo.'"

Akacheka tena. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikukoma upesi. Alipoinua uso, midomo yake ilikuwa na rangi ya wino.

"Nachukua daftari langu la darasani chumbani, narudi," akasema. Nilitaka kumzuia. Lakini ningemwambia nini? Nilichukua ufunguo wa stoo.

Stoo ilikuwa tupu, ila mifuko ya saruji na vitanda vibovu. Niliweka sikio ukutani. Mtu alikuwa anahema. Si stooni. Si chumbani. Ndani ya ukuta. Kisha nikasikia pumzi ya pili, mbali kidogo, ya mjukuu wangu. Zilipishana. Zikakaribiana. Zikawa moja.

Kisha ikabaki moja tu. Haikuwa ya mjukuu wangu.

Nilizunguka mbio, na miaka yangu yote hii. Mlango wa namba saba haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Nilivuta. Haukuja. Ulivutwa kwa ndani, taratibu, ukiachia kidogo na kuvutwa tena.

Nikapiga magoti kwenye korido, wanafunzi wakinitazama. Nikalitaja jina lake, majina yote matatu. Nikasema kwa sauti, "Uliishi hapa. Ulikuja kwangu mara tatu. Nilijua dirisha limezibwa nikaandika lipo. Upo, mwanangu. Mimi ndiye niliyekufuta."

Mlango ukafunguka. Mjukuu wangu alikuwa sakafuni, mdomo ukutani, hai.

Jioni ile nilimwita fundi. Shemeji alikuja akifoka, "Unanibomolea nyumba?" Nikamwambia, "Nabomoa, na barua ya kukiri yote imeshafika chuoni, nimetia saini."

Fundi alitoa tofali za upande wa chumba. Dirisha lilikuwepo zima, fremu na kioo. Kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa kitambaa, akafuta tena, kisha akanigeukia. "Mzee, ukungu uko upande wa pili."

Upande wa pili zilikuwa tofali za stoo, zimekigusa kioo, kidole hakipiti.

Mjukuu wangu yuko kwa mama yake, anahema vizuri. Chuo kimehamisha wanafunzi wote, na kesi ya shemeji na yangu itasikilizwa. Chuo kiliagiza tofali za stoo zisiguswe mpaka mkaguzi azione.

Mkaguzi alikuja jana, mwanamke mpole, na nilimtembeza vyumba vyote kumi na viwili. Namba saba tulikiacha mwisho. Alikitazama kioo, akaacha kuandika.

"Mzee, nani kafuta hapa?"

Katikati ya ukungu, upande wa tofali, palikuwa pamefutwa duara dogo safi, kimo cha macho ya mtu aliyeketi kitandani, kama wanavyofanya watu wanapotaka kuona ni nani aliyekuja.